Siku Upepo Ulipopigwa Marufuku

Watu hupenda kuniuliza mapenzi ni nini, na wengi wao hawataki jibu. Wanataka niseme moyo, niseme asali, waitikie vichwa, waende zao. Ningewajibu ningesema hivi: mapenzi ni kulala na mtu mchana kweupe, una njaa, naye hajui. Unampenda kiasi cha kumficha njaa yako. Yeye anakupenda kiasi cha kutokuuliza. Mkikaa hivyo umri wenu wote watu watawaita wapenzi, watawatolea mfano kwa mabinti zao, na akitangulia mmoja kufa mwenzake atalia kweli, machozi ya haki. Hebu niambie sasa, analiliwa nani hapo? Maana yule mwenye njaa hajawahi kuonana na mtu.

Jina langu Mize. Nalitaja mapema kwa sababu huko mbele baraza litasema tuko wawili, nami nisingependa uanze kuchanganyikiwa kabla yangu.

Mji wetu hauna jina. Ulikuwa nalo, watu wakaliapia mno mpaka likachakaa, likatupwa. Jua letu likifika utosini hukaa pale likapumzika, pengine kwa muda wa kuiva maharage, pengine mpaka mtoto aliyezaliwa asubuhi aanze kutambaa. Usiku hatuutegemei. Huja ukijisikia, na ukija hauagi. Ndiyo maana sheria ya ndoa iliwekwa mchana. Watu wakishakula, vyombo vikishaoshwa, hupigwa ngoma barazani, milango ikafungwa, na kila mke na mume wakaingia chumbani kupendana. Hapo ndipo anapopita Msikizi.

Usimdhanie mtu mbaya. Msikizi wetu ni Bwana Ngwali, mrefu, mpole, mwenye adabu za mtu aliyelelewa na bibi. Hupita chini ya madirisha miguu mitupu, shingo kaiinamisha upande, anasikiliza shanga.

Nieleze shanga, maana wageni hudhani ni pambo. Mwanamke wa mji huu akiwa mwali huvishwa shanga kiunoni na somo wake, na tangu hapo hazivui. Mimi nilifundwa na Bi Raya, aliyewafunda karibu wanawake wote unaowaona, bibi mnene, mcheshi, vidole vinanukia karafuu. Alinifunza kupika, kunyamaza na kutikisa. "Mke haulizwi kama ameridhika, Mize," aliniambia. "Ni aibu kumuuliza na ni aibu kumjibu. Husikiwa. Shanga zikilia kwa mbali, ndiyo anaanza. Zikifuatana, anakaribia. Zikikatika sauti ghafla, amefika, na mume naye akisikia hivyo aridhike." Nikamuuliza, "Na nikiwa sijafika, somo?" Akanipiga kikofi cha mapenzi begani. "Utafika, mwanangu. Ukichelewa, shanga zitangulie."

Zikatangulia. Zikawa kila siku zinatangulia.

Sheria ya mji ni fupi, kila mtoto anaijua: penzi lisiloridhika ni uongo, na kuridhika bila penzi ni wizi. Nyumba ikinyamaza mchana, wenyewe huitwa barazani wakagawiwa. Kugawiwa ndiko kunakotutisha kuliko kaburi. Mke hupelekwa mtaa wa juu na mume mtaa wa chini, katikati pana ukuta, na hukumu yake haina rufaa. Wako waliogawiwa wakiwa wanapendana mpaka mtu anaona haya kuwatazama. Makosa yao ni kunyamaza.

Mume wangu ni Shaame, fundi wa kuwamba vitanda. Vitanda vyote vya mji huu vimepita mikononi mwake, kamba kwa kamba, na viganja vyake vigumu kama gome. Alikuwa akinipozea chai kabla hajapoza yake. Kichwa cha samaki alikuwa akiniwekea mimi. Nikiumwa alikuwa akikaa mlangoni na kazi yake, anawamba na kunitazama, anawamba na kunitazama, hata mwenye kitanda akija kulalamika kamba zimelegea. Nilimpenda. Sikuwa na shaka hiyo hata siku moja. Na kila mchana nililala naye nikatikisa shanga, nikamwona uso wake unavyong'aa, nikasema moyoni, basi, uso huu unanitosha. Ulinitosha kama harufu ya wali wa jirani inavyokutosha.

Nilikuwa na miaka mingapi wakati huo? Siwezi kusema. Mchana mmoja nilikuwa bibi harusi, hina haijakauka, mchana uliofuata nilikuwa na mvi mbili, kisha nikawa tena sina. Mtu anayejificha umri haumkuti vizuri.

Kisha uzi ukakatika.

Tulikuwa chumbani, jua limekaa, Ngwali keshapita. Nilikuwa katika ile sehemu ya shanga kufuatana, nimeizoea mpaka akili yangu hukaa mbali ikafikiria mboga. Nikasikia kitu kimelegea kiunoni, na shanga zikamwagika kitandani, zikapenya katika kamba, zikashuka sakafuni na kutambaa mpaka ukutani. Chumba kikawa kimya. Shaame naye akatulia.

"Zimekatika," nikasema.

"Nimeona."

Akangoja. Sijui alikuwa anangoja nini, labda sauti yangu mimi. Nilijaribu kuguna nikaona haya, maana sikuwahi kufundishwa.

"Mbona umenyamaza, Mize?"

"Si zimekatika."

"Nakuuliza wewe."

Mwenzangu, ningeweza kusema nimechoka. Ningesema tumbo. Uongo ulikuwa mdomoni umepangwa foleni. Lakini yale maneno, nakuuliza wewe, hakuna aliyewahi kunitamkia tangu nizaliwe, nikaona kumdanganya mtu aliyeuliza ni tofauti na kumdanganya asiyeuliza.

"Sijawahi," nikasema.

"Hujawahi nini?"

"Unajua."

Akakaa ukingoni mwa kitanda, mgongo umenielekea. Nje ng'ombe wa mtu alilia.

"Hata ile siku ya mvua?"

"Hata hiyo."

"Hata tulipohamia chumba hiki? Ulinishika shingo."

"Shaame, usizitaje mojamoja. Utajiumiza."

Akainama akaanza kuokota shanga, moja baada ya moja, anazitia kiganjani. Nilitaka kumkumbatia nikaogopa mikono yangu, kwamba naye ataiuliza kama ni ya kweli. Alipofika ukutani akasema bila kugeuka, "Mimi nami huguna."

"Huguna vipi?"

"Nilifundishwa jandoni. Shanga zikinyamaza, mume agune, mke ajue amempendeza. Nimeguna hata siku nilizotamani nilale tu. Nikidhani wewe umefurahi, nisikuvunje moyo."

Tukatazamana. Nikaanza kucheka mimi, kisha yeye, tukacheka mpaka tukashikana, na kicheko kikageuka kilio pale pale, wala sikumbuki mpaka wake. Watu wawili tumekaa kwenye sinia moja umri wote, kila mmoja anamsukumia mwenzake nyama, na sinia tupu.

Mficha uchi hazai, ndivyo wasemavyo. Sisi tulizaa siku ile, ingawa hatukuwa na mtoto wa kumwonyesha mtu. Tulianza upya, Ngwali akishapita, nimeshamtikisia shanga kwa mkono. Hakuna shanga, hakuna kuguna, hakuna sauti yoyote ila maneno manne ambayo mwanzoni yalinichoma ulimi: hapa, bado, taratibu, rudi. Nilikuwa siujui mwili wangu. Nilikuwa nikiukalia kama mpangaji. Aliniuliza, "Hapa?" nikamjibu, "Sijui," na kweli sikujua, nikaona aibu ya kutojua inazidi aibu ya uchi. Viganja vyake vigumu vilivyokuwa vikifunga kamba kwa nguvu vilijifunza kulegea. Alikosea. Nilimwambia amekosea. Siku nyingine alinuna, siku nyingine nikanuna mimi, tukapeana migongo mpaka jua likaondoka. Nilikuwa sijui kwamba mtu anaweza kununiwa kitandani na bado akapendwa.

Na siku nilipofika, sikutikisika. Hilo ndilo nataka ulisikie. Nilidhani nitapiga kelele za kuangusha makuti. Nilinyamaza. Kila kitu changu kilinyamaza, hata lile jisemaji la kichwani linalohesabu mboga, na mkono wangu ukamshika yeye kifuani ukabaki hapo. Nililia kwa furaha. Shaame akauliza kwa woga, "Nimekuumiza?" Nikatikisa kichwa. Akakielewa kichwa.

Kuna wanaosema kuridhika huzaa mapenzi. Kuna wanaosema mapenzi ndiyo huzaa kuridhika. Nimelala pande zote mbili za neno hilo na sioni nani mama nani mtoto. Ninachojua ni kidogo. Nilianza kugombana naye kuhusu chumvi. Nilimwambia sipendi kichwa cha samaki, sijawahi kukipenda, akaniangalia kwa mshangao mkubwa kuliko ule wa kwanza. "Miaka yote hii, Mize?" "Miaka yote." "Mimi nakipenda sana," akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyerudishiwa shamba. Njaa ile ya mwili ilikuwa imefunga na milango mingine ambayo sikujua ni milango. Nikawa namwona Shaame: sikio lake la kushoto dogo kuliko la kulia, woga wake wa kuombwa radhi. Zamani nilimpenda mume wangu. Sasa nilimpenda huyu.

Lakini kimya ni kimya, na Ngwali hupita kila mchana, wala hana saa maalumu.

Tulifikiri. Kumwomba Ngwali asipite kwetu ni kujishtaki. Kutikisa shanga kwa mkono huku tunaulizana hapa na bado, tulijaribu, tukashindwa. Mkono ukitikisa, akili huufuata. Shaame ndiye aliyepata wazo. Alizitunga zile shanga upya katika kamba ya kitanda akazining'iniza kwenye nondo za dirisha. Mchana upepo wetu huingia kutoka upande wa mashamba. Ulipokuja shanga zikalia, kwa mbali kwanza, kisha zikifuatana, kisha upepo ukapumua zikanyamaza. Tulimsikia Ngwali chini ya dirisha akisimama, akavuta pumzi, akaenda zake ameridhika. Tukaziba midomo kwa mto tusicheke.

Ni wakati mzuri kuliko wote niliowahi kuishi, na sijui ulikuwa mrefu kiasi gani. Naugusa mara nyingine naona ni mchana mmoja tu.

Kosa letu ni kusahau kwamba upepo hauna ratiba. Shanga zikaanza kulia asubuhi. Zikalia alfajiri. Zikalia Shaame yuko msikitini nami nafua. Majirani wakaanza maneno, ya utani mwanzoni: "Enyi, hata chai hamjanywa? Mtatuua kwa kijicho." Mwanamke mmoja aliniinamia kisimani akaninong'oneza nimpe dawa ninayotumia. Ningemwambia. Niliufungua mdomo, nikamwona anavyonitazama, nikasema ni habbasoda na asali.

Kisha siku ile sokoni. Soko liko nyuma ya nyumba yetu, ukisimama kwa muuza pweza dirisha letu liko kichwani pako. Asubuhi, watu tele. Nilikuwa nimeinama nachagua pweza, na nyuma yangu kwenye foleni amesimama Bwana Ngwali na kikapu chake, ameniamkia vizuri, nimemwitikia. Upepo ukaja. Nikaisikia nyumba yangu inapendwa bila mimi.

Zililia kama hazijawahi kulia. Soko zima likainua macho dirishani, kisha yakashuka, yote pamoja, kwangu. Muuza pweza alibaki na kisu hewani.

"Bi Mize," akasema Ngwali taratibu sana, "wewe uko hapa."

"Niko hapa."

"Basi Shaame yuko na nani?"

Wakamtoa Shaame uani, alikokuwa anawamba kitanda cha watu, kamba bado mkononi. Walipopanda chumbani upepo ulikuwa umekwisha na Shaame, kwa hofu ya miaka yote, alishapanda akaziangua zile shanga dirishani, akazifutika mfukoni. Shanga za mwanamke mfukoni mwa mwanamume. Nani angehitaji ushahidi mwingine? Baraza likaitwa mchana uleule. Mwenye kuzini hugawiwa palepale, bila hata kuaga.

Kabla ya baraza Bi Raya alinijia. Aliingia akafunga mlango, akakaa sakafuni kwa taabu. Hakuuliza kitu. Aliwafunda wanawake wote hawa, alijua shanga zinaliaje kiunoni na zinaliaje penginepo.

"Usiseme upepo, mwanangu."

"Nisiposema watamgawa Shaame wangu kwa kosa la zinaa ambayo hakuifanya."

"Ukisema, kila mwanamume wa mji huu atarudi nyumbani na swali."

"Si waulize, somo. Ni kitu cha ajabu kuulizwa. Hujui."

"Na wake zao wawajibu nini?" Alizungusha pete kidoleni, haikuzunguka, kidole kimevimba. "Wewe mumeo alikaa akaokota shanga. Unadhani wote wataokota? Wako watakaopiga. Wako watakaoondoka. Mimi nilikaa na marehemu mpaka nikamzika, Mize. Hakujua. Alikufa anatabasamu. Utaniambia nilimdhulumu?"

"Na wewe ulitabasamu?"

Bi Raya alinitazama. Nilijuta palepale, nikataka kuyarudisha yale maneno, yakagoma. Akaomba nimwinue. Nikamwinua. Mlangoni akasema, "Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake," akaenda zake barazani kutafuta mahali pa kukaa.

Baraza lilijaa. Mkuu wa Baraza alikaa kwenye kiti chake, kanzu nyeupe, nyuma yake nyumba yake mwenyewe yenye dirisha la mbao za matundu, na nyuma ya yale matundu kila mtu alijua yupo mke wake anatazama. Ngwali alitoa ushahidi wake kwa sauti ya kuomba msamaha. Shaame akasimama katikati na kamba yake. Alinitazama mara moja tu. Hakunitazama kwa kunisihi niseme wala kwa kunisihi ninyamaze. Aliniachia, na hilo ndilo lililoniuma.

Niliwatazama wanawake. Walikuwa wameinamisha vichwa, wote, wakubwa kwa wadogo, utadhani kila mmoja kapoteza sindano mchangani. Nikasikia mwenyewe sauti yangu imeanza.

"Ni upepo," nikasema. "Zilitundikwa dirishani. Upepo ulizitikisa. Mume wangu hana mwanamke mwingine. Tulizitundika kwa sababu sisi tukiridhika hatuna sauti, na mnachokisikia kila mchana madirishani kwenu si lazima kiwe kile mnachokidhani."

Kwanza walicheka. Kicheko kikubwa cha kiume, cha kupigana mabega. Kisha kikaanza kupungua, hapa mmoja kanyamaza, pale mwingine, kila anayenyamaza anamtafuta mkewe kwa macho. Wa mwisho alicheka peke yake, akajisikia, akafunga mdomo. Nilimwona mwanamume mmoja mtu mzima anafungua vidole vyake anavitazama. Mkuu wa Baraza hakugeuka nyuma kutazama dirisha lake. Shingo yake ilitaka kugeuka, tuliiona inavyotaka, akaizuia.

"Upepo gani?" akauliza.

"Huu," nikasema. Ulikuwa unavuma. Pindo la kanzu yake lilikuwa linapepea, na mzee aliyekaa karibu naye ameishika kofia yake isiondoke.

"Mji huu hauna upepo," akasema Mkuu.

Akamgeukia Msikizi.

"Bwana Ngwali. Wewe ndiye Msikizi. Umewahi kusikia upepo katika mji huu?"

Ngwali aliinamisha shingo upande kama kawaida yake. Vumbi lilipita baina yetu likamwingia machoni, akayafikicha. "Sijapata kuusikia, Mkuu," akasema, machozi yanamtoka.

"Wananchi, yupo aliyewahi?"

Wanaume wakasema hapana. Wanawake nao wakasema hapana, tena kwa nguvu zaidi, na miongoni mwa sauti zao nilikuwa naijua ya Bi Raya. Siwalaumu. Walikuwa na nyumba za kurudi.

Mkuu akahema. Hakuwa mkatili, hata leo siwezi kumwita mkatili. Alikuwa mtu mwenye dirisha nyuma yake. "Upepo haupo, na kuanzia leo ni marufuku kuutaja. Shaame, unaapa hukuwa na mwanamke mwingine chumbani?"

"Naapa."

"Baraza linakuamini. Shanga zililia, kwa hiyo Mize alikuwa chumbani. Ngwali alimwona sokoni, kwa hiyo Mize alikuwa sokoni. Mize ni wawili. Wa sokoni ana hiari yake, aende atakako, aseme atakalo, hana uzito. Wa chumbani ndiye mke, na asikike kila siku. Ukikubali hivyo, Shaame, mchukue mkeo urudi naye nyumbani. Ukikataa, mmegawiwa."

Shaame alikunja ile kamba akaikunjua. Alinitazama tena, safari hii akanitazama sana.

"Wako wawili, Mkuu," akasema.

Alisema kwa kuniokoa. Najua. Ningekuwa mimi ningesema hivyohivyo, tena upesi kuliko yeye. Watu walipiga makofi, wengine wakashukuru kwa muujiza, wakatawanyika wameshika kofia na mitandio yao kwa mikono yote miwili, bila kusema kwa nini. Nami nilibaki nimesimama, nimesikia mtu pekee aliyewahi kuniuliza mimi ni nani akijibu swali hilo mbele ya mji mzima.

Bi Raya ndiye aliyetumwa kunivisha shanga tena. Safari hii hazikutungwa kwa uzi. Alileta waya na koleo. Aliizungusha kiunoni mwangu, akaikaza kwa nyuma. "Usinichukie," akasema. Nikamwambia simchukii, na ilikuwa kweli, nilikuwa nimechoka kuchukia. Dirisha letu walilipigilia mbao, maana mji usio na upepo hauhitaji hewa.

Sasa nikipumua tu zinalia. Nikigeuka zinalia. Nikikohoa, Ngwali huko nje husimama akadhani jambo. Mchana wa kwanza Shaame aliniuliza kwa sauti ya chini, "Hapa?" nikasema, "Hapo," na shanga zikasema hapo pamoja nami. Akasita.

"Hapo kweli, au unamsikilizisha yule?"

"Kweli."

Akaendelea kidogo. Akasita tena. Nilijua anasikiliza. Alikuwa anajaribu kunisikia chini ya zile kelele, kama mtu anayemtafuta mwanawe sokoni, na kila nilipotikisika kwa kweli sauti ilikuwa ileile ya uongo, haikuzidi wala haikupungua. Mwili wangu haukuwa na ushahidi wowote wa kumpa. Maneno? Nilimpa maneno. Lakini maneno yangu yalikuwa ya Mize wa sokoni, asemaye atakalo, asiye na uzito.

Hakunikasirikia. Angekasirika ningeshukuru. Alizidi kuwa mwema. Akarudi kunipozea chai. Alizoea kunifunika vizuri baadaye, akaikunja shuka mabegani pangu, akanipapasa nywele. Nikimwambia, nilifika, aliniitikia haraka, "Ndiyo, ndiyo," kama mtu anayemwitikia mgonjwa.

Mchana wa jana, au wa kesho, nilifika kuliko nilivyowahi kufika. Sikulitafuta, lilinijia. Shanga zilikimbia zikakimbia, zikanyamaza. Nje Ngwali akashusha pumzi akaenda zake. Nilimshika Shaame uso kwa mikono yangu yote miwili nikauvuta karibu, anione macho, maana macho hayajavishwa waya.

"Shaame. Hii ilikuwa mimi."

Alinitazama muda mrefu. Alikuwa ananipenda, hilo lilionekana wazi, usoni pake hakukuwa na kitu kingine. Akanifuta jasho la paji la uso kwa kiganja chake kigumu.

"Usijali, Mize," akasema. "Hata kama hukufika, mimi nakupenda vilevile."

Nikamwambia ahsante.